Sukari ya Sabika

Kofi lilisikika mpaka kwenye meza za kaa na kamba, na wauza samaki waliokuwa wakinadi wakageuka wote.

Katikati ya soko la Sharq, mjini Kuwait, juu ya sakafu iliyolowa barafu na damu ya samaki, mwanamke mnene aliyevaa koti jeupe la wakaguzi wa manispaa juu ya abaya yake alikuwa ameshika shavu. Aliitwa Sabika. Mbele yake alisimama aliyekuwa mumewe, Fuhaid, kanzu yake imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, akihema kama aliyetoka mbioni.

"Hilo ni la kunipeleka mahakamani," Fuhaid alisema. "Na hili ni la—"

Hili halikufika. Mkono wake ulidakwa hewani na kijana mmoja mrefu mwenye fulana ya bluu ya zimamoto, aliyekuja kuwanunulia wenzake samaki aina ya zubaidi kwa chakula cha mchana.

"Bwana wee," kijana alisema, "hapa pananuka vya kutosha. Usituongezee."

Fuhaid aliunyakua mkono wake. Alimpiga kichwa cha uso. Pua ya yule zimamoto ililia kama kijiti kikavu, damu ikaruka hadi kwenye sinia la kamba. Akaanguka chali juu ya barafu, na Fuhaid akampandia kifuani akaanza kumtwanga ngumi. Watu walipiga mayowe bila kusogea. Aliyesogea ni Sabika. Alinyakua chewa aliyegandishwa, mzito kama gogo, akamshika mkia kwa mikono miwili na kumshusha kisogoni pa Fuhaid. Mara moja. Halafu mara ya pili, maana ya kwanza ilikuwa tamu.

Polisi walipomwondoa Fuhaid akiburuta miguu, Sabika alichuchumaa kwa shida, magoti yakimlalamikia, akamwekea yule kijana barafu puani.

"Jina lako nani?"

"Jarrah."

"Jarrah, yaani mtia majeraha! Mbona aliyejeruhiwa ni wewe?"

"Baba aliniita hivyo kwa matumaini tu. Yule nani?"

"Alikuwa mume wangu. Alinivunja mtulinga, nikaivunja ndoa."

"Na huyu chewa?"

"Huyu nilikuwa nimeshamkataa kabla hujafika. Kayeyuka, kagandishwa tena. Hafai kuliwa."

"Kwa kupigia anafaa," Jarrah akasema, akacheka, na kicheko kikamuuma puani mpaka machozi yakamtoka.

Jioni ileile simu ya Sabika ililia.

"Mkaguzi?"

"Nani mwenzangu?"

"Pua."

Alicheka mpaka shangazi yake, Tarfa, aliyekuwa akiishi naye mtaa wa Hawalli, akatokeza kichwa jikoni kuuliza nani kafa. Jarrah, aliyepewa namba na wauza samaki, alidai amepiga ili kujua kama ushahidi wake utahitajika mahakamani. Kesho yake alipiga kujua kama chewa naye ataitwa shahidi. Keshokutwa hakutafuta kisingizio.

"Umekula nini leo, macho yangu?"

"Usiniulize mtu mnene amekula nini, Jarrah. Ni tusi."

"Basi nikuulize nini?"

"Niulize nimemfungia nani duka."

Jarrah alimpenda kama alivyokuwa. Alipenda sauti yake nzito ya kuamrisha wauza samaki, wanja wake uliokolea, gauni lake la kijani kibichi lililotariziwa nyuzi za dhahabu kifuani ambalo alilivaa siku walipokaa mkahawani barabara ya Ghuba, shangazi akiwa meza ya pili akijifanya anasoma gazeti. Alipenda hasa jinsi Sabika alivyokula: kwa heshima, akinusa kwanza, akifumba macho, kama mtu anayemsikiliza rafiki.

Siku hiyo hakula.

"Nataka kupasuliwa," alimwambia. "Tumbo."

Jarrah aliweka kikombe chini. "Kwa ajili ya nani?"

"Si kwa ajili yako, usijipe ukubwa. Nina sukari. Magoti yamekwisha. Daktari anasema nikishika mimba hivi nilivyo, tunaweza kwenda wawili tusirudi."

"Na wakikukata, wewe ninayekujua utabaki?"

"Wanakata tumbo, Jarrah. Hawakati jina."

"Kila nyumba ya mji huu ina mtu aliyekatwa tumbo!" shangazi Tarfa alidakia kutoka nyuma ya gazeti. "Mimi mwenyewe nilikatwa zamani. Nilikaa mwaka mzima sijui njaa ni kitu gani. Ilikuwa raha! Halafu ikarudi na wenzake. Mwili hausahau, wanangu. Unakuvizia mlangoni na fimbo."

Sabika alipasuliwa mwanzo wa masika. Daktari Ibtihal, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, alimfanyia tumbo dogo kama yai la kuku na kuigeuza njia ya chakula, ili kiruke sehemu ya utumbo na kuingia mbele zaidi. Alimweleza kuwa njaa haimo mdomoni wala haimo kwenye uroho kama watu wasemavyo. Ni homoni, mjumbe anayetumwa na tumbo kwenda kumgongea ubongo mlango. "Sasa mjumbe atakuwa amepunguziwa kazi," alisema. "Utashangazwa na ukimya."

Ukimya ndio uliomshangaza. Sabika alipita mbele ya tanuri la Muirani mwoka mikate asubuhi, mikate inatolewa moto, na harufu haikumwambia neno. Sukari iliyomsumbua miaka ilitulia kabla hata uzito haujaanza kuonekana kushuka. Kisha kilo zikaanza kumtoka kama nguo za kuazima. Alikula kwa kuangalia saa, vijiko vichache vya samaki, akaacha. Lakini mwili uliodhani umeingia mwaka wa njaa ulianza kubana matumizi: alisikia baridi katika joto la Kuwait, nywele zikabaki kwenye kitana, na kulikuwa na siku ambazo alichoka ghafla saa moja au mbili baada ya kula, mikono ikitetemeka, akamfokea kila aliyekuwa karibu. Mara moja alimrushia muuza kaa mizani. Alidhani ni uchovu wa kazi.

"Kisu kimekutoa njaa kikakuachia hasira," shangazi alisema.

"Hasira nilikuwa nayo tangu zamani, shangazi. Ilikuwa imefunikwa na nyama."

Jarrah alikuwa akimletea chakula cha mama yake, machbus, pilau ya kuku yenye ndimu kavu, naye akiipokea, akaila kijiko kimoja kwa adabu na kukirudisha kifuniko.

"Zamani ulikuwa unafumba macho," alimwambia siku moja kwenye simu.

"Sasa nafumba kwa usingizi. Usinihesabie tonge, mpenzi."

"Sihesabu. Nakuogopea tu."

"Ogopea nyumba zinazoungua."

Mwaka uliofuata, kiangazi kikikaribia, siku ya posa nyumba ya kina Jarrah, eneo la Qadisiya, ilinukia udi tangu getini. Wanaume walikaa baraza ya nje, wanawake ndani. Sabika aliingia na gauni jipya la rangi ya zambarau, jembamba kiunoni, mikufu ikimng'aria shingoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama Jarrah, bibi mnene mwenye moyo wa kulisha ulimwengu, hakupendezwa na wembamba ule hata kidogo.

"Mwanangu, umebaki kope tu! Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, hewa? Chukua kaimati. Nimezikaanga mwenyewe. Mbili tu. Haya, na hii ya tatu ni ya mjukuu wangu."

Sabika aliona aibu kukataa. Alikula kaimati zinazochuruzika shira ya zafarani, akaletewa halua, akaila, akateremshia na sharubati. Moyo ulimdunda kidogo, jasho likamtoka, likapita. Nyimbo zikaendelea. Baadaye, wakati kahawa inazungushwa, mama Jarrah aliona mkono wa mkwewe mtarajiwa ukicheza kama jani, na macho yake yakimtazama mtu ambaye hakuwepo chumbani.

"Sabika? Mwanangu, kuna nini?"

"Niache."

"Nimekuuliza tu, kipenzi—"

"Nimesema niache!"

Alimsukuma kwa mikono miwili. Mama Jarrah alianguka juu ya meza ya kioo, kioo kikavunjika, na mkono aliojikinga nao ukapinda pale ambapo mkono haupindi. Mayowe. Sabika alilinyakua dele la kahawa akalipiga ukutani, kahawa ya moto ikawamwagikia wanawake waliokuwa karibu. Akavuta kitambaa cha meza, vyombo vikaporomoka. Mwanamke mmoja aliyejaribu kumshika alipigwa kiwiko cha mdomo akatema damu. Alikuwa anatukana kwa sauti ambayo haikuwa yake, maneno yakiparamiana kama ya mlevi.

Jarrah aliingia mbio. Alimkumbatia kwa nyuma kama anavyokumbatia watu wanaotaka kujirusha kutoka majengoni. "Ni mimi, Sabika. Ni mimi." Mkono wa Sabika ulipapasa sinia la matunda ukakuta kisu, na kisu kikaingia kwenye mkono wa Jarrah chini ya kiwiko, kikashuka hadi karibu na kifundo. Hakumwachia. Damu ilichora kanzu yake yote mbele kabla miguu ya Sabika haijaishiwa nguvu.

Shangazi Tarfa alimtoa kwa mlango wa nyuma, akamnywesha chai yenye sukari nyingi ndani ya gari ili atulie. Hakujua kuwa ndiyo iliyokuwa dawa. Muda si muda Sabika aliinua kichwa, akaona viganja vyake vimeganda damu.

"Nani ameumia, shangazi?"

Shangazi aligeuzia uso dirishani. Alilia tu.

Alipoambiwa yote, Sabika alisugua viganja vyake kwenye gauni la zambarau. Kisha akasema, "Fuhaid naye alikuwa hakumbuki. Kila alipoamka alikuwa akiniuliza, nani amekupiga?"

"Wewe si Fuhaid, mwanangu!"

"Mwulize mama Jarrah."

Huko Qadisiya walisema mengi. Wengine walisema ana jini, wengine walisema amekunywa. Dada yake Jarrah alisema lile lililouma zaidi: amepata mwili mpya, anatafuta sababu apate na mume mpya. Jarrah, mkono umeshonwa na kufungwa bendeji, alipiga simu kutwa. Siku ya tatu Sabika alipokea.

"Sabika, roho yangu, niambie umeumwa nini."

Alikuwa amejiandaa. Alijua kuwa akisema ukweli, kwamba hakumbuki lolote, Jarrah atakuja, na akija, siku moja kisu kitapata shingo. Basi akachagua uongo mkali kuliko kisu.

"Sijaumwa. Sikutaki tu."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nakutaka wakati hakuna mwingine aliyenitaka. Sasa najitazama kwenye kioo, Jarrah. Unadhani nitaishia kwa zimamoto?"

Kisha Jarrah akasema polepole, "Ungenichoma cha kifua, ingeniuma kidogo kuliko hivi." Akakata.

Sabika aliiweka simu mezani, akaingia bafuni, akajiuma mkono ili shangazi asimsikie.

Kiangazi kikaja na joto lake la kuyeyusha lami. Mchana mmoja ofisini kwao walimuaga mwenzao aliyestaafu, na Sabika, koo limekauka, akanywa bilauri kubwa ya maji ya maembe na kipande cha keki. Baadaye alipita kununua vitu kwenye duka la ushirika la mtaa. Aliporudi kwenye maegesho ya chini kichwa kilikuwa kimeanza kuwa chepesi. Alifungua mlango wa gari akakaa, akaliwasha na kuingiza gia, akateremsha kioo apate hewa.

Uso wa Fuhaid ulijaa dirishani.

"Nilisikia, nikasema watu wanatia chumvi," alisema. "Umekuwa kisichana. Kumbe ulikuwa umejificha humo ndani muda wote."

"Ondoka."

"Rudi nyumbani. Nitakusamehe yale ya mahakamani."

"Utanisamehe?" Sabika aliona nyuso mbili za Fuhaid, kisha tatu. Ulimi ulikuwa mzito. "Utanisa... ondoka, mbwa wewe."

Fuhaid alimpiga ngumi kupitia dirishani. Jino la mbele lilikatika. Alimshika nywele, akamgonga kichwa kwenye usukani mara tatu, honi ikalia kila mara. Lakini mwanamke aliyekuwa ndani ya gari sasa hakuwa tena yule aliyewahi kujikunyata pembeni ya kitanda. Ubongo ulikuwa umekosa chakula na ulikuwa unapigana na kila kitu kinachosogea. Aliung'ata ule mkono mpaka meno yakakuta mfupa. Fuhaid akapiga ukelele, akaingiza mwili nusu dirishani kutafuta koo lake. Gari lilikuwa linanguruma. Mguu wa Sabika ulikanyaga mafuta.

Gari liliruka na Fuhaid akining'inia. Lilikwaruza nguzo, likambana mguu wake kati ya bati na saruji, likaenda kujikunja kwenye ukuta. Kisha ukasikika mlio wa honi usiokoma, na chini yake mtu akimlilia mama yake.

Kikosi kilichoitwa kilikuwa cha Jarrah. Hakujua ni gari la nani mpaka alipoinama na mashine ya kukatia vyuma na kuona wanja uliochanganyika na damu.

"Sabika!"

Alimtemea damu usoni. Akampiga teke, akamparura shingo, akamwita kwa majina ya watu waliokufa. Polisi aliyesimama nyuma akatikisa kichwa. "Amelewa huyu. Au ni vidonge. Amemvunja mtu mguu pale."

Jarrah alikuwa ameganda, mashine mkononi. Yale macho aliyaona siku ya posa, Sabika alipomgeuzia uso juu ya kisu. Siku ile aliyasahau kwa sababu ya maumivu. Leo aliyatazama vizuri. Hakukuwa na chuki ndani yake. Hakukuwa na mtu.

"Huyu si yeye," alisema. "Mshikeni kichwa. Taratibu! Msimuumize!"

Alikata mlango huku akiparurwa. Muuguzi wa gari la wagonjwa alijipenyeza, akamtoboa kidole kama wanavyomfanyia kila mtu aliyechanganyikiwa, akaangalia kipimo, akakiangalia tena.

"Sukari mbili tu!" alipiga kelele. "Huyu hajalewa, anakufa! Nipeni mshipa!"

Watu wanne walimkandamiza huku maji ya sukari yakiingia. Jarrah alikishika kiganja chake kilichokuwa bado kinatafuta jicho la kulitoboa. Akakisikia kikilegea, kidole kwa kidole. Yale macho yaliyokuwa matupu yalijaa, kama nyumba inayowashwa taa.

"Jarrah?" Sabika alisema kwa mdomo uliovimba. "Mbona umevaa kofia ya kazi? Kuna moto wapi?"

Yule zimamoto aliyewahi kubeba maiti za watoto bila kutetereka aliketi chini kwenye mafuta na vioo, akalia mbele ya kikosi kizima.

Hospitalini, Daktari Ibtihal alivuta kiti. Hakujitetea. Alisema kuwa hayo huwapata baadhi ya waliopasuliwa kama Sabika, mara nyingi si mapema, na kwamba alipaswa kumwuliza kwa makini zaidi kila alipokuja kupimwa.

"Zamani chakula chako kilisubiri tumboni kikashuka kidogo kidogo," alieleza. "Sasa hakina pa kusubiri. Ukila kitu kitamu, kinamwagika utumboni kwa mkupuo. Sukari inapanda ghafla, kongosho linashtuka, linamwaga insulini kupita kiasi, na baada ya saa moja au mbili sukari imedidimia. Ubongo hauna ghala. Ukikosa chakula unapigana."

"Kama mtu anayezama," Jarrah alisema kutoka pembeni. "Anamkanyaga hata anayemwokoa."

"Hivyo hivyo."

"Lakini daktari, sikusikia njaa," Sabika alisema. "Zamani sukari ikishuka nilikuwa nafungua friji kama mwizi."

"Ile kengele tumeizima, Sabika. Ndiyo kazi ya ule upasuaji. Haya, tutakufundisha kuishi bila kengele. Chakula kidogo mara nyingi, samaki na nyama kwanza, vitamu basi, na dawa ya kupunguza kasi. Na kipimo kiwe mkobani daima."

Daktari alipotoka walibaki wawili, kila mmoja na bendeji yake.

"Niliogopa," Jarrah alisema. "Sitakudanganya. Nyumba ikiungua najua moto unatokea wapi. Wewe sikujua."

"Na mimi nilikudanganya. Yale ya simu."

"Yapi? Ya kioo au ya zimamoto?"

"Yote. Nilidhani nimekuwa Fuhaid. Nikaona bora unichukie ukiwa mzima kuliko unipende ukiwa kaburini."

"Fuhaid hakuwahi kukosa sukari, Sabika. Alikosa haya."

Alitaka kucheka, jino lililovunjika likamkatalia. Kisha akawa na uso wa simanzi. "Polisi wananiuliza kama nilitaka kumuua. Nimewaambia sikumbuki. Ni kweli sikumbuki. Lakini Jarrah, hata sukari yangu ingekuwa nzuri... sijui."

Jarrah alimfunika shuka hadi mabegani. "Mimi pia ningekanyaga mafuta," alisema.

Kamera za maegesho zilionyesha kila kitu: ngumi, nywele, usukani, mwili wa Fuhaid dirishani. Kesi ya Sabika ilifutwa. Ya Fuhaid haikufutwa. Aliingia gerezani kwa magongo.

Mama Jarrah alikuja hospitali siku ya mwisho, mkono kwenye plasta, akasimama mlangoni kwa hasira ya kujilazimisha.

"Nilikulisha kaimati kwa mkono huu," alisema.

"Na mkono huohuo nikauvunja, mama. Nisamehe."

"Daktari anasema nilikutilia sumu bila kujua. Basi tumelipana?"

"Tumelipana, mama."

"Hatujalipana! Siwezi kukanda unga. Utakuja kunikandia mpaka nipone, na ukichelewa nitakupiga kwa mkono wa pili." Kisha akamwinamia akambusu paji la uso, akajifanya anamrekebishia mto.

Nikaha ilifungwa alasiri, sebuleni kwa shangazi Tarfa, mara baada ya joto kuvunjika. Watu hawakuwa wengi. Jarrah alivaa joho jeusi la kukodi lililompwaya mabegani. Sabika alivaa gauni la rangi ya maziwa, jino jipya likimng'aa kila alipojisahau akatabasamu. Mezani palikuwa na kuku wa kuchoma, lozi na jibini. Hapakuwa na kitamu hata kimoja, na wageni walikuwa wakitazamana. Mulla, yule sheikh wa kufungisha ndoa, mzee mwenye miwani minene, aliuliza kama bibi harusi ana masharti ya kuandikwa.

"Ninayo," Sabika alisema. "Andika: mume akinyanyua mkono juu yangu, nimeachika na haki zangu zote."

Mulla akaandika. "La pili?"

"Mke akinyanyua mkono juu ya mume, sukari yake ikiwa sawa, mume ana haki hiyohiyo."

Kalamu ilisimama. "Binti yangu, miaka yote hii sijaona mke anayejiwekea sharti mwenyewe. Na sukari isipokuwa sawa?"

"Hapo," Jarrah alidakia, "kazi yangu ni kukimbia."

"Kumkimbia mkeo?"

"Kukimbilia juisi, mulla, na kurudi."

Wanawake waliangua kicheko, mama Jarrah akiwa wa kwanza. Mulla alifuta miwani, akaandika alichoweza, akausogeza mkataba na kumwonyesha Sabika pa kutia saini. Sabika aliishika kalamu, kisha akaiweka chini. Jarrah akabadilika rangi.

"Kuna nini, macho yangu?"

"Nipe mkoba wangu."

Alitoa kile kipimo, akampa Jarrah sindano, akanyoosha kidole. Jarrah akamtoboa. Tone la damu lilitokeza, jekundu, dogo kama punje ya komamanga, na watu wote wenye nguo zao za harusi wakainama kulitazama.

"Tano nukta nne," Jarrah alisoma.

"Vizuri," Sabika akasema, akaichukua tena kalamu. "Kesho mtu asije akasema ni sukari iliyokubali. Nimekubali mimi."

Akatia saini, na doa dogo la damu likabaki pembeni ya jina lake.